Sindano Isiyoacha Kovu

Ndugu zangu, nimesimama mbele yenu hapa kanisani na karatasi mkononi kwa sababu mke wangu ameniambia nikisema bila karatasi nitajipendelea. Basi nianze na lile ambalo nisingependa mlijue: mwanangu wa kumzaa mwenyewe nilimpima uzito kwenye mizani ya maharage.

Si utani. Pale dukani mtaa wa pili kuna mizani ya kuning'iniza, ile yenye kulabu, ya kupimia maharage yanayovuka mpaka. Nilimfunga binti yetu ndani ya kitenge, nikamtundika, mwenye duka akasoma: kilo nne na nusu. Akaniuliza, "Nikufungie kwenye mfuko au unaondoka nayo hivyo hivyo?" Nikacheka. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nimetoka kliniki, mtoto ana kilo nne na nusu, na amechanjwa.

Chekeni tu. Hata mimi nilicheka, na cheko langu lilidumu miezi miwili na kidogo.

Wengi hapa mnanijua. Mimi ni yule fundi cherehani anayeshonea barazani kwake, asiyetoka. Tunduma hii ya watu wanaovuka kwenda Zambia na kurudi kabla chai haijapoa, mimi naweza kumaliza wiki sijavuka hata barabara. Malori yakipanga foleni, nayasikia honi tu. Wa kutoka ni mke wangu. Anauza mchele na vitunguu karibu na mpaka, na asubuhi wateja wa upande wa pili wakianza kuingia humtoi pale hata kwa winchi. Ni "mulishani" ya kuwasalimu Wazambia huku na "karibu" kule hadi jua liwe utosini. Saa sita anakuja kunyonyesha, anakula wali wangu bila kuusifia, anaondoka tena.

Arobaini ilipokwisha akaniambia, "Mume wangu, narudi kazini. Kliniki ni asubuhi, na asubuhi ndiyo riziki yetu. Wewe upo nyumbani. Mtoto utampeleka wewe."

Hayo maneno "wewe upo nyumbani" yameniponza mara nyingi katika ndoa hii. Nikasema sawa.

Siku ya wiki ya sita nikaenda. Naomba mniandikie hilo kwenye upande wa mema, maana ule upande hauna mengi. Nilifika zahanati nimembeba mtoto kama mtu aliyeshikishwa yai la mwenzake. Benchi lilikuwa refu, limejaa akina mama kutoka mwanzo hadi mwisho, na wote wakageuka kunitazama kwa pamoja kama kwaya.

"Baba, umekuja kupima mimba?" mmoja akauliza.

"Mwacheni, amekuja kunyonyesha."

"Shemeji, njoo ukae hapa katikati, hatung'ati."

Hawakuwa na ubaya, ndugu zangu. Ni utani wa benchi, na wangenizoea baada ya robo saa. Lakini mimi ni mtu wa barazani. Jasho lilinitoka hadi kwenye vidole. Nikasema kwa sauti, "Aa, nimesahau kadi," na kadi ilikuwa mkononi, wanaiona. Nikageuka nikaondoka na kicheko chao mgongoni. Ni wakati wa kurudi ndipo nikaiona ile mizani ya maharage.

Sasa sikilizeni jinsi msomi anavyojipoteza. Kidato cha nne nilifaulu Kiswahili vizuri, na hilo ndilo lililokuwa la hatari. Mke wangu aliporudi mchana akauliza, "Amechanjwa?" Nikamtazama mtoto. Kwenye bega la kulia kulikuwa na kile kidonda kidogo kinachogeuka kovu, cha sindano aliyochomwa alipozaliwa. Nikajiambia: mwalimu alitufundisha hali timilifu, kile kiambishi "me", tendo limekwisha kutendeka. Mtoto alichanjwa siku ya kuzaliwa, kwa hiyo amechanjwa. Nikajibu, "Amechanjwa." Kwa upande wa sarufi nilikuwa sijasema uongo. Kwa upande mwingine wowote, nilikuwa muongo.

Na niwaambie kitu kingine, kwa sababu huenda tuko wengi. Nusu yangu iliamini kweli. Nilidhani chanjo ni kama ubatizo: ukishabatizwa umebatizwa. Alama si hiyo hapo begani? Hizi safari nyingine nilidhani ni za kupima uzito na kuwapa manesi kitu cha kuandika. Kwa hiyo wiki ya kumi nilikwenda tena dukani, kilo tano na robo. Wiki ya kumi na nne, kilo sita kasoro kidogo, nikazikamilisha mimi mwenyewe zikawa sita. Kadi niliiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, na mke wangu hakuitafuta. Mtu anayekuamini hapekui droo zako.

Kikohozi kilianzia kwangu. Mwanzoni mafua tu, halafu kikohozi kikavu cha kunikunja mbavu. Wateja wakaniambia ni vumbi la malori, nami nikakubali, kwa sababu Tunduma hatuhitaji daktari, tuna vumbi. Kila ugonjwa tunaubandikia hilo. Wiki ya tatu nilikuwa bado nakohoa hadi nashika cherehani nisianguke, na mtoto nimempakata.

Kisha akaanza yeye. Alikuwa amepita miezi minne kidogo. Mafua siku chache, tukampa dawa ya maji ya dukani. Baadaye kikohozi kikawa cha ajabu. Hakiji kimoja kimoja. Kinakuja kwa mfululizo, kohokohokoho, bila nafasi ya kuvuta pumzi, uso unaiva, macho yanatoka machozi, kisha anatapika maziwa yote na kulegea. Baada ya hapo analala kama hakuna kilichotokea, na wewe unabaki unatetemeka. Chochote kilimwamshia kikohozi: kunyonya, kulia, hata mlango ukibamizwa.

Mke wangu akasema, "Mpeleke hospitali. Leo."

Nikasema ndiyo. Sikumpeleka.

Ndugu zangu, hapa ndipo pananiuma kusoma, karatasi au hakuna karatasi. Sikumpeleka kwa sababu hospitali wangeomba kadi. Nilimwambia mke wangu nimekwenda, foleni ilikuwa ndefu, wamesema ni kifua tu. Nikaongeza uongo juu ya uongo kama mtu anayeshona kiraka juu ya kiraka, na kitambaa chenyewe kimeshaoza. Mke wangu akanitazama akasema, "Kesho nafunga biashara, nampeleka mwenyewe." Nikajua nina siku moja ya kumponya mtoto kabla kadi haijatoka kwenye droo.

Nikampigia simu mama yangu, yuko Ileje, huko Mbebe. Mama hakunichelewesha. "Hicho ni kimeo, mwanangu. Kimerefuka, kinamkwaruza kooni. Tafuta mzee akikate. Wewe mwenyewe ulikatwa, mbona upo?"

Kimeo mnakijua, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Mzee wa kukata nilielekezwa na mteja, mtaa wa juu, ana kisu chake kilichopinda. Na mnajua kilichonivutia zaidi kwake? Si ufundi. Mzee wa kimeo haombi kadi.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, mke wangu akiwa amekwenda kumwachia mwenzake mzigo, nikamfunga mtoto nikatoka. Hatua ishirini tu kutoka mlangoni kwangu yuko jirani yetu, mama wa makamo, mwenyeji wa Kigoma, mumewe dereva wa malori. Anakaanga chapati mbele ya nyumba yake. Yeye ni wa msikitini, lakini leo mnamwona amekaa pale nyuma. Anasema amekuja kuhakikisha sipunguzi chumvi.

"Fundi," akaniita, "leo jua litachomoza magharibi. Unakwenda wapi?"

"Kwa mzee wa kimeo."

"Kimeo cha nani?"

Kabla sijajibu, mtoto akaanza. Safari hii mfululizo haukuisha. Alikohoa, akakohoa, akajikunja, kisha sauti ikakatika. Kimya. Midomo ikageuka rangi ya zambarau. Nilimwona mwanangu amefungua kinywa, na hewa haiingii. Mimi nilisimama. Nataka mjue hivyo. Sikufanya lolote, nilisimama kama nguzo ya umeme.

Yule mama aliacha chapati inaungua, akaninyang'anya mtoto, akamlaza ubavu kwenye mkono wake, akamfuta ute mdomoni kwa upindo wa khanga, akawa anamsugua mgongo na kumwita, "Mama, mama, vuta, vuta." Sijui ni muda gani. Mtoto akavuta. Ile pumzi iliingia na mlio mwembamba, mrefu, kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika.

Yule mama akaniangalia.

"Hiki si kimeo," akasema. "Hiki ni kifaduro. Mdogo wangu alivuta pumzi hivi hivi, tukamzika. Kadi yake iko wapi?"

"Ipo kwenye droo."

"Haya, kailete."

Sikuwa na pa kukimbilia tena, na nguvu ya kutunga uongo mwingine iliniishia pale pale. Nikaileta, nyuzi zimeigandia. Akaitia kifuani bila kuifungua, akasimamisha bajaji, akaniingiza ndani kama mzigo wa pili.

Hospitali walimchukua mtoto mbio, wakamwekea mrija wa oksijeni puani. Nesi mmoja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, akabaki na mimi.

"Mtoto amechanjwa?" akauliza.

Mniamini msiniamini, mdomo wangu ulijibu wenyewe: "Amechanjwa."

Akafungua kadi. Akanionyesha kwa kalamu. Safu ya kwanza, siku ya kuzaliwa, ina tarehe. Wiki ya sita, tupu. Wiki ya kumi, tupu. Wiki ya kumi na nne, tupu, na kifungo kimoja cha shati kimenata pale katikati.

"Mbona ana kovu?" nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko ya mtoto.

"Baba, kovu la bega ni la kifua kikuu. Ya kifaduro iko ndani ya sindano ya paja, anachomwa mara tatu, na ile ya paja haiachi kovu. Ukitafuta alama yake utaikuta hapa tu." Akagonga kadi.

Dondakoo, kifaduro, pepopunda. Ndugu zangu, hayo maneno matatu niliyakariri shuleni kama wimbo. Niliyaandika kwenye mtihani nikapata vema. Nilidhani yanaishi kwenye daftari.

Kisha nikakohoa. Nilijizuia, lakini kikohozi cha namna ile hakizuiliki, nikainama hadi nikashika ukuta. Nesi akasubiri hadi nikamaliza.

"Na hicho chako kina muda gani?"

"Wiki tano. Ni vumbi."

Aliandika. Nikaelewa mwenyewe bila kuambiwa. Mtoto hatoki, anakaa na mimi, amelala kwenye mapaja yangu siku nzima ninaposhona. Yule niliyemfungia ndani asipigwe na baridi, mimi ndiye niliyempelekea ugonjwa ndani.

Mke wangu alifika anahema, vumbi la mchele bado kwenye mikono. Jirani alikuwa amempigia simu. Akamtazama mtoto kwenye mrija, akamtazama nesi, akaitazama kadi iliyokuwa wazi juu ya meza. Anasoma vizuri kuliko mimi. Aliisoma mara moja.

"Kilo sita," akaniambia. "Zile kilo sita ulizitoa wapi?"

Ningeweza kumwambia kadi imekosewa. Ningeweza kumwambia nesi wa siku ile alisahau kuandika. Yote mawili yalinijia, yakiwa yamekwisha kushonwa na kupigwa pasi. Nikamtazama mwanangu, kifua chake kinapanda na kushuka kama cha kifaranga, nikaona uongo mwingine huenda ukawa wa kumzikia.

"Kwenye mizani ya maharage," nikasema. "Kliniki nilikwenda mara moja, nikaogopa akina mama, nikarudi. Hajachanjwa. Hospitali pia sikumpeleka."

Nilitegemea anipige. Ningeshukuru. Alikaa kwenye kiti, akavua kilemba chake, akakikunja taratibu, akakiweka magotini. Halafu akasema, "Kumbe nilikuwa nahesabu kilo zake njiani nikiwa na furaha." Basi. Hadi leo sijawahi kusikia neno zito kuliko hilo.

Tulikaa wodini siku kumi na moja. Mtoto alipewa dawa, na sisi wazazi tukapewa zetu, tukaambiwa kila anayelala nyumba moja naye ameze. Nesi alitufundisha kumlisha kidogo kidogo, kumbeba akiwa ameinuka, kutomshtua, na kumwita yeye nesi mapema tukiona midomo inabadilika. Siku za kwanza tulipokezana kumtazama, mke wangu na mimi, bila maongezi. Jirani alileta uji na chapati, akitujulisha kila siku kwamba ile iliyoungua iko kwenye deni langu. Siku ya sita mtoto alinyonya bila kutapika. Mke wangu akaniambia, "Umeona?" Neno moja tu, lakini lilikuwa langu, nikalishika. Siku ya nane mrija ukatolewa.

Msidhani tulitoka hospitali kikohozi kimekwisha. Kilitusindikiza wiki nyingi nyumbani, kikipungua polepole kama mgeni anayeaga na kukaa tena. Lakini kila wiki mtoto alipata mnofu, na mimi pia nikaacha kushika cherehani.

Alipopata nafuu nesi akaniambia, "Kuugua hakumalizi kazi. Aanze sindano zake." Nikauliza kama mke wangu anaweza kufunga biashara siku hiyo. Mke wangu akajibu kabla ya nesi: "Hapana. Wewe upo nyumbani."

Nikaenda. Lile benchi lile lile. Wakanitambua, ndugu zangu, akina mama hawasahau.

"Shemeji wa kadi karudi. Leo umeikumbuka?"

Nikainua kadi juu waione wote. Nikakaa katikati. Binti akachomwa pajani, akalia, akanitapikia shati nililoshona mwenyewe, na mama aliyekuwa jirani yangu kwenye benchi akanipa kitambaa bila kuniuliza. Baada ya wiki nne, tena. Baada ya nyingine nne, tena. Mara ya tatu walikuwa wananipa habari za mtaa mzima, na nilitoka pale na oda mbili za sare za shule. Sasa binti anasimama kwa kushika kiti. Akikohoa mafua ya kawaida, nyumba nzima inanyamaza kwanza, tunasikiliza, kisha tunapumua.

Namshukuru Mungu aliyempa pumzi mara ya pili. Nawashukuru wale manesi walionihurumia bila kunificha ukweli. Namshukuru mama yangu, ambaye alikosea kwa upendo na sasa anawauliza majirani zake wote huko Mbebe kuhusu sindano ya paja. Nawashukuru akina mama wa benchi, na naomba radhi kwa kuwakimbia. Namshukuru mke wangu. Yeye bado anakagua droo zangu, na ni haki yake, acha akague.

Kwenu akina baba ninaowaona mmejikunja huko pembeni: msitazame bega la mtoto, tazameni kadi. Kama kuna safu tupu, hamjachelewa, mpelekeni hata kesho, manesi watajua pa kuanzia. Wewe mwenyewe ukikohoa wiki tatu, usilisingizie vumbi, na usipakate kichanga. Mtoto akikohoa hadi anakosa hewa, usimtafute mwenye kisu, kimbia hospitali. Na mkeo akikuuliza amechanjwa, usijibu kwa sarufi.

Nilitaka kumalizia hapo, kwa unyenyekevu. Lakini asubuhi ya leo nimempitia jirani yangu nimsomee karatasi hii, nikitegemea ataguswa. Alinisikiliza hadi mwisho huku anasukuma chapati. Kisha akasema, nami nayasoma kama alivyoyatamka: "Wanawake wa mtaa huu wanapeleka watoto kliniki kila mwezi, hakuna aliyewahi kuwapa kipaza sauti. Wewe umepeleka wako mara tatu, tena kwa kuchelewa, na tayari unashuhudia."